Toyota 110 Iliyotaka VVT-i: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Gereji Malindi

Majina ya watu, nambari ya usajili, mtaa na jina la gereji vimeondolewa. Kisa kinaandikwa kwa ajili ya mafundi na wenye magari, kwa sababu ombi lililokianzisha linasikika kila wiki katika gereji za Pwani: "Fundi, nitilie VVT-i," yaani mtambo wa Toyota unaobadilisha saa ya kufunguka valvu injini ikiwa inafanya kazi.

Usuli

Gari lilikuwa Toyota Corolla, ile ambayo Kenya nzima huiita "110", ya gia za mkono, injini 5A-FE. Mwenyewe ni mtu mzima aliyekwishazeeka na usukani. Hubeba wageni kati ya Malindi, Watamu na uwanja wa ndege wa Moi kule Mombasa, safari ya kilomita 120 hivi kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi, mara nyingi akirudi mtupu. Faida yake yote imo ndani ya tangi la mafuta.

Lililomuudhi ni kwamba pale anapoegesha amezungukwa na vijana wenye NZE, yaani Corolla iliyofuata 110, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2000. Injini zao ni za sisi (cc) 1500 kama yake. Wanapakia mizigo ile ile na kupita Gede, Kilifi na Mtwapa kama yeye, lakini wakifika kituo cha petroli wao hulipa kidogo na yeye hulipa sana. Hesabu yake mwenyewe ilikuwa kilomita 9 kwa lita, siku nyingine pungufu. Nyuma ya NZE pameandikwa VVT-i. Nyuma ya gari lake hapana kitu. Akahitimisha kwamba tofauti ni hizo herufi.

Alipofika gereji hakuomba injini. Aliomba kichwa, yaani sehemu ya juu ya injini yenye valvu.

"Si kichwa tu hicho, fundi? Vua changu, tia cha NZE."

"Mzee, kichwa hicho hakikai hapo."

"Kwani si Toyota zote?"

Fundi mkuu, ambaye ni mtu wa subira, alimwekea kiti. Mimi niliitwa baadaye kwa upande wa umeme, na mazungumzo haya nimeyapata kutoka kwao wote wawili, ambao hawakuhitilafiana hata neno.

VVT-i hufanya nini

Katika injini kama 5A, kamshafti (shafti inayofungua valvu) imefungwa na krenkshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) kwa belti, na saa ya kufunguka na kufungwa valvu ikishapangwa kiwandani haibadiliki tena. Shida ni kwamba injini haina saa moja inayoifaa siku zote. Ikiwa inanguruma taratibu, inataka valvu za hewa zichelewe kufunguka ili moshi usirudi ndani na mngurumo uwe laini. Katika mwendo wa kati, mguu ukiwa mwepesi, inataka zifunguke mapema: moshi kidogo hurudi ndani, pistoni haihangaiki sana kuvuta hewa kupitia throtoli (mlango wa hewa) iliyobanwa, na petroli huokoka. Ikikimbia sana, inataka zichelewe kufungwa kwa sababu hewa bado inajisukuma kuingia. Mhandisi wa 5A ilimbidi achague pahali pa katikati, asimridhishe yeyote kikamilifu.

Wazo la kuigeuza saa hiyo injini ikiwa inafanya kazi si la Toyota. Alfa Romeo waliliuza kwenye Spider mwaka wa 1980, na kwa mji wenye Waitaliano wengi kama wetu inashangaza kwamba hakuna anayelisema. Toyota walianza kwa 4A-GE ya valvu 20 mwaka wa 1991, mtambo wenye nafasi mbili tu, mbele au nyuma. Mwaka wa 1995 wakaja na VVT-i, ambayo haina nafasi mbili bali hupanda na kushuka taratibu kadiri kompyuta inavyotaka.

Katika 1NZ-FE, injini ya NZE, gia ya cheni iliyo mbele ya kamshafti ya hewa ina vyumba vidogo ndani yake. Oili ya injini ikisukumwa upande mmoja wa vyumba hivyo, kamshafti husogea mbele; ikisukumwa upande wa pili, hurudi nyuma. Nafasi yote ni kama digrii 40 za krenkshafti. Anayeamua oili iende wapi ni kompyuta, kwa kupitia valvu ndogo ya umeme ambayo mafundi wengi huiita OCV. Injini ikizimwa, pini huifunga gia kwenye nafasi ya nyuma kabisa, ili isubiri hapo mpaka presha ya oili ipande tena.

Kisa hiki kinaning'inia kwenye mambo mawili katika maelezo hayo. VVT-i hutembea kwa oili safi yenye presha. Na injini ikiwa ya baridi, kompyuta huiacha nyuma kabisa, hata kama kila kitu ni kizima.

Njia zilizokuwepo

Fundi mkuu alimweleza mwenye gari kwa nini ombi lake la kwanza haliwezekani, na maelezo yake yalikuwa sahihi. Silinda za 5A zina upana wa milimita 78.7 na mwendo wa pistoni wa 77.0. Za 1NZ zina 75.0 kwa 84.7. Ukizidisha unapata karibu sisi zile zile: 5A ni 1,498, nambari ambayo Mmalindi yeyote aliyesoma historia anaikumbuka kwa sababu ya Vasco da Gama, na 1NZ iko chini yake kwa sisi moja au mbili. Lakini matundu ya bolti, ya maji na ya oili hayakutani hata kidogo. Moja inazungushwa kwa belti, nyingine kwa cheni iliyofichwa ndani ya injini. Bloku (mwili wa injini) ya 5A ni ya chuma, ya 1NZ ni ya aluminiamu.

Wala huwezi kuchukua gia ya VVT-i peke yake na kuipachika. Kwenye 5A, belti huzungusha kamshafti moja tu, na hiyo humzungusha mwenzake kwa meno. Hakuna njia ya oili iliyotobolewa kwenda kwenye gia, hakuna pahali pa OCV, na kompyuta yake haijui kwamba kuna kitu kama hicho duniani.

Kichwa pekee cha ukoo wa A chenye VVT ni kile cha 4A-GE ya valvu 20. Vijana wa Mombasa wanaopenda mbio wanakijua. Lakini 4A ina silinda za milimita 81, pana kuliko 5A. Pistoni za 5A hazikuchongwa kupokea valvu za kichwa hicho. Na kinakuja na throtoli nne na kompyuta yake. Kwa gari la kubeba wageni, hiyo ni starehe ya mtu mwingine. Ilifutwa bila mjadala.

Zikabaki njia mbili: kutia 1NZ nzima, au kuitengeneza 5A iliyopo. Hii ya pili ilitajwa, nijuavyo, kwa sentensi moja. Mwenye gari alisema amechoka na injini ile, fundi hakufungua kinywa zaidi, na hapana aliyepima chochote. Hakuna aliyepima kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa), hakuna aliyetazama sensa ya oksijeni inayoipa kompyuta habari za moshi, hakuna aliyetia mkono kwenye bomba la rejeta kuona lina joto gani.

Maamuzi ya ununuzi

Hapa gereji ilifanya vizuri. Badala ya kununua injini tupu, walisubiri mpaka ikapatikana hafukati Mombasa: nusu ya mbele ya NZE, na injini, giaboksi, kompyuta, waya zote mpaka kwenye fyuzi, sensa ya hewa, kanyagio na nguzo ya usukani. Ilikuwa ghali kuliko injini tupu, na mwenye gari alinung'unika. Lakini kompyuta ya 1NZ bila waya zake ni sanduku, na kutafuta waya moja moja kwa wauza spea hula fedha polepole mpaka mtu asijue zilikwenda wapi.

Sharti la fundi lilikuwa kwamba iwe ya throtoli ya kebo. Zipo 1NZ za baadaye zenye throtoli ya umeme, na hizo zingeongeza kanyagio la umeme na kazi nyingine juu yake. Akataka pia injini iwashwe mbele yake ikiwa ya baridi, asikilize sekunde za mwanzo. Gia ya VVT-i ambayo pini yake imelika hugonga kwa mbele ikiwashwa, kisha hunyamaza oili ikifika. Hii haikugonga.

Giaboksi ilikuwa ya otomatiki. Mzee alitaka kubaki na gia zake za mkono, akaambiwa ukweli: kompyuta hii imezaliwa na otomatiki, ikikosa valvu za umeme za giaboksi itawasha taa na kulalamika maisha yake yote. Ama atafute kompyuta na giaboksi ya mkono ya NZE, ama akubali kanyagio mbili. Akakubali, kwa shingo upande.

Kazi yenyewe

Vikalio vya injini vilichomelewa upya, na shafti za magurudumu zilikwenda kwa fundi wa leithi. Hayo ni ya kawaida, nayapita. Yaliyochukua muda ni mengine.

La kwanza, injini hizi mbili zimegeuziana migongo. Kwenye 110, menifoldi ya moshi iko mbele, upande wa rejeta, na hewa huingia kwa nyuma. Kwenye 1NZ, hewa iko mbele na moshi uko nyuma, karibu na ukuta wa kabini. Kwa hiyo bomba lote la moshi la mbele lilitengenezwa upya, na bati la kuzuia joto likaongezwa, maana pale nyuma pana waya na mabomba ya breki.

La pili ni petroli. 5A hurudisha tangini mafuta yasiyotumika. Kidhibiti cha presha kiko kwenye reli ya injekta. 1NZ haina njia ya kurudi kabisa, kidhibiti chake kimo ndani ya tangi pamoja na pampu. Kijana mmoja wa gereji alipendekeza waizibe njia ya kurudi, "petroli itajipa yenyewe". Fundi mkuu alimtoa nje. Pampu isiyo na kidhibiti hupandisha presha mpaka mahali dhaifu papasuke, na mahali dhaifu pa mpira wa zamani ni juu ya injini ya moto. Walifunga kidhibiti cha nje, wakakirudisha kwenye bomba la kurudi la 110, wakakiweka ndani ya kiwango cha 1NZ, ambacho ni kati ya 301 na 347 kPa. Kilipimwa kwa geji injini ikinguruma. Kazi safi.

La tatu ni waya, na hapa ndipo nilipoingia. 5A hupima hewa kwa presha ya menifoldi na ina distribyuta. 1NZ hupima hewa inayopita kwa waya wa moto na ina koili moja juu ya kila plagi. Hakuna cha kuchanganya, unaacha waya za 1NZ zijitegemee na unazikutanisha na gari mahali pachache: umeme wa swichi, stata, chaji, taa ya injini, feni, kiyoyozi, na alama ya mwendo. Hii ya mwisho husahauliwa. Kompyuta isipoona gari linatembea, mngurumo huyumba ukisimama. Taa ya injini nayo niliifunga kwenye dashibodi ya 110 na nikahakikisha inawaka swichi ikifunguliwa. Wapo mafundi wanaoiacha bila kuifunga ili mteja asisumbuke. Katika kisa hiki ndiyo iliyookoa injini.

La nne lilionekana dogo: sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, iligusa msalaba wa chini wa gari. Ikashushwa, ikakatwa, ikachomelewa, ikarudishwa kwa silikoni.

Taa ilipowaka

Gari lilitoka likiwa jepesi. Mwenyewe alifurahi, akaenda Mombasa na kurudi, kisha Mambrui, kisha Mombasa tena. Baada ya majuma machache taa ya injini ikawaka na gari likawa zito katika mwendo wa kati, hasa kupanda pale Kilifi baada ya daraja. Mashine ya kusoma hitilafu ikatoa P1349, ambayo kwa Toyota ya wakati ule maana yake mtambo wa VVT haufuati amri.

Maoni yalitolewa mengi. Wengi waliilaumu oili, maana gereji ilikuwa imetia 20W-50, oili nzito, kama ilivyozoea kutia kwenye kila kitu. Mwingine akasema gia ya VVT imekufa, inunuliwe. Muuza spea hakuwa mbali.

Kabla ya kununua lolote kulikuwa na jaribio la kufanya, nalo halina gharama. Injini ikiwa imepata moto na inanguruma, unachomoa plagi ya OCV na kuipa umeme wa betri moja kwa moja. Ikiwa mtambo ni mzima, kamshafti itasogezwa mbele kabisa wakati usiofaa, na injini itatetemeka au kuzima. Tulipofanya hivyo haikutetemeka, iliendelea kunguruma kana kwamba hapana aliyeigusa.

Hapo yanabaki matatu: ama OCV haifanyi kazi, ama oili haifiki, ama gia yenyewe imekwama. Ukinzani wa OCV hutakiwa uwe kati ya omu 6.9 na 7.9 katika nyuzi 20. Yetu ilisoma 7.4. Ikavuliwa, ikapewa umeme mkononi, na pini yake ikaruka na kurudi bila kusita. Umeme haukuwa na kosa.

Oili ya OCV hupita kwanza kwenye kichujio kidogo kilichojificha nyuma ya bolti kwenye kichwa cha injini. Ni kisilinda cha wavu kisichozidi ncha ya kidole cha mwisho. Mafundi wengi waliofungua 1NZ kwa miaka hawajapata kukiona. Kilipotoka, wavu ulikuwa umezibwa kwa vipande vyeusi, laini, vinavyonyooka ukivivuta. Fundi mkuu alisugua kipande kimoja kati ya vidole, akakinusa, akageuka kumtazama kijana aliyefunga sampu.

Ilikuwa silikoni. Sampu ilipofungwa, silikoni ilipakwa nene kama siagi kwenye mkate. Ile iliyobanwa nje ikafutwa ikapendeza. Iliyobanwa ndani ikabaki inaning'inia juu ya oili ya moto, ikakatika vipande vipande. Sampu ikashushwa tena siku ile ile. Kwenye chujio la mdomo wa pampu ya oili kulikuwa na nyuzi za silikoni pia, na hilo ndilo lililotutisha zaidi kuliko VVT. Mdomo ule ukizibwa, krenkshafti hukosa oili, na injini nzima huenda na maji.

Kila kitu kilisafishwa. Silikoni ikapakwa uzi mwembamba, ikaachwa ikauke kabla ya kutiwa oili, ambayo safari hii ilikuwa 5W-30, lita 3.7 pamoja na kichujio kipya. Jaribio la betri lilirudiwa: injini ikatetemeka, ikazima. Fundi mkuu akacheka peke yake.

Tatizo la pili, lililokuwepo tangu mwanzo

Taa haikurudi, lakini mzee alirudi. Gari lina nguvu, alisema, ila petroli haikupungua kama alivyotarajia. Kilomita 11 kwa lita, labda na nusu.

Safari hii mashine ilisomwa gari likiwa barabarani, si gereji. Karibu na Msabaha, mwendo wa wastani, upepo wa bahari ukipiga rejeta, joto la maji lilikuwa limeshuka chini sana ya pale linapotakiwa kuwa. Gari likisimama, linapanda. Likikimbia, linashuka. Hiyo ni dalili kwamba thamostati, valvu inayozuia maji yasiende rejetani mpaka injini ipate moto, imekwama wazi au haipo. Hapa haikuwepo.

Ilikuwa imetolewa wakati wa kufunga injini. Si kwa uzembe, kwa desturi. Pwani nzima utaambiwa thamostati ni kitu cha nchi za baridi, itoe injini ipoe. Thamostati ya 1NZ huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakikaa chini sana ya hapo kompyuta huhesabu kwamba injini haijapata moto. Huongeza petroli. Huiacha VVT-i nyuma kabisa. Mzee alikuwa amelipia hafukati nzima ili apate mtambo ambao katika sehemu kubwa ya safari ulikuwa umelala.

Thamostati ikarudishwa. Maji ya kisima yaliyokuwa rejetani, yenye chumvi ya kuonjeka, yakamwagwa na kutiwa kulanti iliyochanganywa kwa maji safi, maana bloku ya aluminiamu haina ustahimilivu wa chuma mbele ya chumvi.

Matokeo

Gari sasa linatoa kilomita 14 kwa lita katika barabara ya Mombasa, pungufu likizunguka mjini. Taa haijawaka tena. Mabadiliko ya injini yameingizwa kwenye logibuku kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, na bima imearifiwa. Mwenye gari la kubeba wageni asiyefanya hivyo anajiweka pabaya siku ya ajali. Bili ya mwisho ilipita mara mbili ya bei ya hafukati. Sehemu kubwa ya ziada ilikuwa bomba la moshi, shafti, na saa za kufunga waya.

Uchambuzi

Kilichofaa ni nidhamu ya kununua. Injini, giaboksi, waya na kompyuta za gari moja, zilizosikilizwa zikiwa hai, zilipunguza matatizo ya umeme mpaka yakawa machache kiasi cha kunichosha kidogo tu. Kidhibiti cha petroli kilichopimwa kwa geji nacho ni kazi ya kuigwa. Na kuiunganisha taa ya injini kuliwapa onyo mapema. Bila hiyo, mzee angeendelea kuendesha gari zito mpaka mdomo wa pampu uzibe.

Jaribio la betri kwenye OCV nalitaja peke yake kwa sababu liliokoa fedha za gia mpya. Hufanywa kwa dakika, na hugawa tatizo mara mbili: waya na kompyuta upande mmoja; OCV, oili na gia upande wa pili. Gereji hii sasa hulifanya kwa kila 1NZ inayokuja na P1349. Kuhusu oili nzito, sikubaliani na waliopiga kelele. 20W-50 huchelewesha mtambo asubuhi na haifai kwa injini hii, lakini haikuziba kichujio. Kuilaumu kungewafanya wabadilishe oili na kuiacha silikoni ndani.

Kilichoharibika kina sura mbili. Ya silikoni ni kosa la mkono, limefundishika, na kijana yule sasa ndiye anayewakaripia wengine. Ya thamostati ni nzito zaidi, kwa kuwa haikuwa kosa la mtu bali ni jambo ambalo gereji nzima ililiona sawa. Mtambo wa zamani ulivumilia desturi ile kwa kunywa petroli kimyakimya. Mtambo mpya haukuvumilia, ila nao haukulalamika: kukosa thamostati hakukuwasha taa yoyote.

Hapo ndipo 5A inapotakiwa kuulizwa upya. Injini ile ya zamani iliuzwa kwa mwenye 110 nyingine ambaye yake ilikuwa imepasuka bloku. Kabla ya kufungwa ilipimwa kompresheni, na silinda zote nne zilikuwa nzuri na zimekaribiana. Thamostati haikuwemo. Waya wa sensa ya oksijeni ulikuwa umekatika na kufungwa kwa tepu, bila kuungana na kitu. Huyo mnunuzi alitiwa thamostati, sensa na plagi mpya, na anasema anapata kama kilomita 12 kwa lita kwa njia ile ile ya Mombasa. Sina sababu ya kumkatalia.

Kutoka 9 kwenda 12 kulikuwa kumelala ndani ya injini aliyokuwa nayo mzee. Kutoka 12 kwenda 14 ndiko kulikoletwa na 1NZ nzima, na VVT-i ni sehemu tu ya hizo mbili. Uwiano wa giaboksi na injini isiyochoka vina fungu lao. Kwa mtu anayekwenda Mombasa karibu kila siku, kilomita mbili kwa lita si haba, na bili ile itajilipa, ingawa polepole. Kwa mwenye 110 anayezunguka Malindi na Watamu peke yake sioni itajilipa lini.

Akija mwingine na ombi hilo, gereji imekubaliana kuanza na kipimajoto, kipima kompresheni na sensa ya oksijeni, mteja akiwa amesimama hapo anaona. Kazi ya 1NZ wataipokea ikiwa bloku ya 5A imekwisha kweli na hafukati kamili ipo mkononi. Mzee mwenyewe, nilipomuuliza kama angerudia, alijibu kwamba petroli ni moja, lakini hakuna tena kijana wa NZE anayempita baina ya Kilifi na Mtwapa, na hilo hakuliweka kwenye hesabu tangu mwanzo.